Acheni Tuingie Peke Yetu

Kuna kauli moja wacheza magemu ya mtandaoni wanaipenda sana: "Kama unataka kucheza peke yako, kwa nini ulinunua gemu la watu wengi?" Utaisikia hasa ukisema umeingia peke yako kwenye handaki lililotengenezwa kwa ajili ya kikundi. Wadau, mimi naona kauli hii haina mashiko.

Chukueni The Elder Scrolls Online, gemu lililotoka Aprili 2014. Mahandaki yake ya kikundi ni mapango na magofu yaliyojaa maadui na mabosi, na yanahesabia watu wanne: mmoja wa kupokea kipigo, mmoja wa kutibu wenzake na wawili wa kushambulia. Lakini mlango haumzuii mtu aliye peke yake. Unaingia tu, kazi kwako.

Utasema basi subiri leveli ipande, kisha urudi ulipize kisasi. Hiyo ndiyo njia ya World of Warcraft, ambako mtu aliyefika juu anarudi kwenye handaki la zamani kama Deadmines na kufyeka mabosi kama majani. Sawa, lakini hapo kuna cha kujisifia kweli? Ni kidato cha sita kushindana mbio na darasa la kwanza.

Kwenye Elder Scrolls njia hiyo ilizibwa Oktoba 2016, kwa mabadiliko yaliyoitwa One Tamriel. Mchezaji aliye chini ya leveli 50 anaongezewa nguvu ili alingane na maadui popote aendapo. Kichekesho ni kwamba mgeni wa leveli 10 anapewa nyongeza kubwa, na kadiri anavyopanda nyongeza inapungua. Asipobadilisha silaha na mavazi, anapanda leveli huku anadhoofika!

Damu ya bosi nayo haipungui eti kwa sababu umekuja peke yako. Iliyopangwa kumalizwa na wanne, utaimaliza wewe. Ukifa hakuna wa kukuinua, na bosi anarudishiwa damu yake yote. Kinachobaki ni ujuzi: pigo lipi ulikwepe, lipi ulikinge, lipi ulikatize kabla halijatoka, na namna ya kujitibu huku unashambulia. Ndiyo maana nasema anayemwangusha Kra'gh wa Fungal Grotto I peke yake amelielewa pambano lote. Aliyebebwa na wakongwe watatu anaweza kutoka mle ndani hajui hata bosi alikuwa anafanya nini.

Wapinzani wangu wanasema uzuri wa magemu haya ni watu. Nakubali, kama ni watu mnaofahamiana. Lakini vikundi vinavyopangwa na kompyuta tunavijua. Watu wanne hawasalimiani, wanakimbia hadi bosi wa mwisho, na mgeni aliyesimama kusoma hadithi anaachwa nyuma. Huo ndio umoja tunaoutetea?

Kwa sisi tulio Dar au Nairobi kuna jingine. Seva ziko Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa hiyo pigo la bosi tunaliona limechelewa. Umeme ukikatika katikati ya pambano, aliye peke yake anapoteza muda wake tu, wakati mwenye kikundi anawapotezea na wengine watatu. Kucheza peke yako wakati mwingine ni adabu tu.

Kinachoniudhi hasa ni wale maadui wanaomkamata mchezaji na kumshikilia mpaka mwenzake aje amwokoe. Hapo hujashindwa kwa kukosa ujuzi, umeshindwa kwa sababu wamehesabu vichwa. Na watengenezaji hawawezi kusema hawana uwezo. Mwaka 2015 walitoa Maelstrom Arena, uwanja wa mtu mmoja unaotoa jasho kweli. Mwaka 2021 wakaleta wenzi wanaoendeshwa na kompyuta. Final Fantasy XIV ilianza mpango kama huo mahandakini mwaka 2019, na World of Warcraft ikafuata Januari 2024.

Wenzi hao wanasaidia, ila wanajibu swali jingine. Wao ni wa mtu anayetaka kikundi bila watu. Anayetaka kujipima hahitaji msaidizi, anahitaji uwezekano. Iacheni damu ya bosi ilivyo, na zawadi punguzeni mkitaka. Ila wekeni njia ya kujinasua, hata kama itagharimu robo tatu ya uhai wangu. Nikifa baada ya hapo, nitajua nimekufa kwa sababu sikuweza, na nitarudi tena kesho.

Au mnasemaje wadau?