Pedi Imetengenezwa Iishe

Simama nusu saa kwenye kaunta ya duka la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, usikilize. Mteja haulizi pedi inashika vipi. Anauliza, "Hizi zinadumu?" Muuzaji anaitoa pedi kwenye boksi, anaigonga kwenye kaunta, inalia ko! ko! kama kigae. Halafu anakwaruza uso wake kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha hauachi alama. "Umeona ilivyo ngumu? Ukifunga hii, habari ya breki utaisahau." Pesa inatoka, boksi linaingia kwenye mfuko, mteja anaondoka ameridhika.

Mimi ni fundi wa breki. Nimefunga pedi za Vitz na za Noah, na kwa miaka mingi nimefanya kazi ya lainingi, ndizo pedi za malori, kwenye malori yanayovuta tela. Nasema bila kumung'unya maneno: hii imani kwamba pedi bora ni ile ngumu isiyoisha ndiyo imani mbaya kuliko zote nilizozikuta gereji. Inaharibu magari na inaumiza watu. Pedi haikutengenezwa idumu. Imetengenezwa iishe.

Hebu tuanze na kazi yenyewe. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya karibu kilojuli 580. Ukikanyaga breki nishati hiyo haiendi popote, inageuka joto palepale kwenye magurudumu, na joto hilo lingetosha kuchemsha karibu lita mbili za maji ya bomba mpaka yatokote. Breki nzuri inaifanya kazi hiyo kwa sekunde kama nne. Na mwendo ukiongezeka maradufu, joto haliongezeki maradufu, linakuwa mara nne. Sasa vitu viwili vinavyosuguana kwa nguvu ya namna hiyo, lazima kimojawapo kilike. Waliounda breki walichagua kilike kile cha bei ndogo, kile ambacho fundi anakibadilisha kwa spana mbili na jeki kabla chai haijapoa. Hicho ndicho pedi.

Kwa hiyo ukiniletea pedi ya bei ya chini ukaniambia haiishi, nakuuliza swali moja tu: basi kinacholika ni nini? Ama inakula diski, ama haishiki kabisa.

Kuna mzee mmoja mstaafu aliniletea Harrier yake, akaniambia kwa furaha, "Fundi, pedi hizi nimezifunga huu mwaka wa pili. Angalia mwenyewe, bado nene." Nikafungua tairi la mbele. Kweli, pedi zilikuwa nene, milimita saba zilikuwa zimebaki. Lakini diski! Nilipitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje ukawa unaruka kwenye mifereji kama kwenye bati la msauzi, na ukingoni kulikuwa na ukuta unaoweza kuukamata kwa vidole. Diski ile ilipotoka kiwandani ilikuwa na unene wa milimita 28, na pembeni yake pamechongwa kabisa kwamba ikifika 26 itupwe. Nikaweka kipimo cha venia mbele ya macho yake: 24.6. Upande wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Nikamwambia, "Mzee wangu, pedi zako hazijaisha kwa sababu zilikuwa zinakula diski." Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Na mimi nilidhani nimepata mali." Aliokoa seti moja ya pedi akanunua diski mbili. Na huyo ni mwenye bahati, kwa sababu hasara yake iliishia mfukoni.

Asiye na bahati ni yule ambaye diski yake haiguswi. Pedi haiishi, diski haiishi, mwenye gari anaona raha. Ukiifungua, uso wa pedi unang'aa kama kioo. Haisugui, inateleza. Dereva hajui, maana mguu wa binadamu huzoea: leo anakanyaga zaidi kidogo, mwezi ujao zaidi kidogo, na gari bado linasimama kwenye taa za Tazara kila siku. Mpaka siku mtoto anapochomoka kati ya daladala mbili pale Mbagala. Fanya hesabu hii. Kwenye lami kavu, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, breki nzuri inakusimamisha ndani ya mita 36 tangu ianze kushika. Breki iliyopoteza theluthi moja ya nguvu inahitaji mita 54. Tofauti ni mita 18, zaidi ya urefu wa semi nzima, kichwa na tela lake. Ndani ya nafasi hiyo anasimama mtoto wa mtu.

Tena ule ukucha wa muuzaji haupimi chochote. Ugumu ni kitu kimoja na kushika ni kitu kingine. Zipo pedi ngumu zenye chuma kingi ndani yake zinazoshika vizuri sana zikipata moto, na zipo pedi laini zisizoshika kitu. Kipimo kipo na kimeandikwa kwenye pedi yenyewe. Igeuze, utafute mgongoni au ubavuni, kwenye ule mstari wa namba na herufi, herufi mbili zilizokaa pamoja: EE, FE, FF, GF, GG. Huo ni utaratibu wa wahandisi wa magari wa Marekani. Herufi ya kwanza inasema pedi inashika kiasi gani katika joto la kawaida, ya pili inasema inashika kiasi gani ikishapata moto mkali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G inaanzia hapo hadi 0.55. Maana yake ni nyepesi: pedi ya 0.35 ukiibana kwa uzito wa kilo 100, inazuia kwa kilo 35. Basi ukiona FE, ujue pedi hiyo inashuka daraja ikichemka, saa ileile unayoihitaji.

Zinazouzwa Ulaya hubeba na alama nyingine, herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoipitisha, na maandishi 90R. Kanuni hiyo inataka pedi ya kubadilishia isitofautiane na ile iliyokuja na gari kwa zaidi ya asilimia 15, isizidi sana na isipungue sana. Ona walichokijali. Hawakuuliza ina miaka mingapi ndani yake. Waliuliza kama itashika kama ile ya kwanza. Alama zote hizi zinaweza kughushiwa, ndiyo, na kwa hiyo nunua kwenye duka unaloweza kulirudia na risiti mkononi.

Najua nitakachojibiwa. "Fundi, wewe unaongea ya Ulaya. Mimi ni dereva teksi, jioni natakiwa nipeleke hesabu kwa mwenye gari. Pedi za kubadilisha kila miezi minne nitazitoa wapi?" Neno hilo lina uzito na silidharau, nimekaa na hao madereva, najua siku isiyo na abiria ilivyo. Zipo pia pedi zinazoshika vizuri, zinadumu na hazitafuni diski, zile za seramiki. Bei yake unaijua. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba sifa zote hizo zimo ndani ya boksi la bei ya chips mayai mbili tatu. Kwenye bei hiyo kuna kitu kimetolewa, na mara nyingi kilichotolewa ni kushika, kwa sababu kushika hakuonekani kaunta. Kudumu kunaonekana.

Vivyo hivyo ile lawama ya vumbi jeusi kwenye rimu. Vumbi hilo ni pedi ikiwa kazini, osha rimu. Na kile kipande kidogo cha chuma kinacholia kwiii pedi ikikaribia kwisha, mafundi wengine wanakikata kwa koleo ili mteja asirudi kulalamika kelele. Huko ni kumziba mlinzi mdomo.

Wazee wa malori nao watanikumbusha lainingi za zamani, ambazo kweli zilidumu na kweli zilivumilia moto. Nyingi zilikuwa na asbesto. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na saratani inayotokana nalo inaweza kuchukua miaka 30 au 40 kujitokeza. Umoja wa Ulaya ulipitisha marufuku yake mwaka 1999, na Marekani ikaipiga marufuku asbesto nyeupe, ambayo ndiyo iliyokuwa imebaki kutumika huko, Machi 2024. Mafundi wenzangu, hasa vijana wa chini ya mwembe, naomba mniache niseme hili pembeni: msipulize breki kwa upepo wa kompresa. Lowesheni kwanza, futeni kwa kitambaa. Nina wenzangu niliojifunza nao kazi ambao leo wakipanda ngazi moja wanatweta.

Sasa nirudi kwenye malori, maana huko ndiko imani hii inakofanya ukatili wake.

Lori lililopakia shaba kutoka Zambia au Kongo linapotoka Iringa kuelekea Dar es Salaam linashuka Kitonga. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu jumla ya tani 56. Chukua hata tani 50, uzishushe mita 500 za kimo. Nishati inayotakiwa kuzuiwa ni sawa na uniti 68 za umeme. Mteja mdogo wa TANESCO amewekewa kiwango cha uniti 75 kwa mwezi mzima! Dereva mwenye akili anaingiza gia ndogo tangu juu, anatumia breki ya ekzosi, injini inabeba sehemu kubwa. Inayobaki yote inaingia kwenye dramu. Na dramu ikipata moto hutanuka, inazikimbia breki shuu. Ile fimbo inayosukumwa na upepo ili kuzibana shuu kwenye dramu ina mwisho wake. Ikifika mwisho, dereva anakanyaga mpaka chini, upepo upo kwenye mtungi, geji inasoma vizuri, na lori linaendelea kwenda.

Hapo ndipo mwenye lori anapoleta hekima ya Gerezani. Kwenye kichwa anafunga lainingi nzuri. Kwenye tela anafunga ngumu za bei chee, kwa maneno niliyoyasikia mara nyingi hadi nimeyachoka: "Tela haina injini, breki zake ni za kusindikiza." Yaani sehemu inayobeba karibu mzigo wote ndiyo ya kusindikiza. Tela halishiki, kwa hiyo kichwa kinashika kwa niaba ya wote wawili, na tela linakisukuma kwa nyuma. Lainingi za kichwa zinaisha ndani ya safari chache. Tajiri anakuja yadi, anazilinganisha, anasema kwa ukali, "Hizi za kichwa ulizoninunulisha ni feki. Angalia za tela, mpaka leo mpya!" Safari inayofuata anaagiza zile ngumu zifungwe na kwenye kichwa pia.

Siku moja nilimwomba tajiri wa namna hiyo anisubiri. Tulilitoa lori barabarani likiwa na mzigo, dereva akafunga breki mara kumi hivi, tukarudi. Nikaweka kiganja kwenye dramu za tela, moja baada ya nyingine. Zilikuwa na uvuguvugu wa ukuta uliopigwa na jua la asubuhi. Nikachukua chupa ya maji nikadondosha tone kwenye dramu ya kichwa. Tone liliruka, likachemka, likapotea kabla halijatiririka. Nikamwambia, "Bosi, za tela ni mpya kwa sababu hazijawahi kufanya kazi." Alielewa. Zilibadilishwa zote wiki ile, kichwa na tela, aina moja. Wapo wengi ambao hawakunipa nafasi ya lile tone la maji.

Likitokea la kutokea, tunasoma maneno mawili yaleyale: breki zilifeli. Februari 2024 pale Ngaramtoni, Arusha, lori liligonga magari mengine matatu, watu 25 wakafa, na polisi wakasema breki zilifeli. Simhukumu mtu kwa msiba ule. Neno lenyewe ndilo linaloniuma, kwa sababu linazungumza kana kwamba breki ina moyo, imeamka siku hiyo ikaamua kugoma. Katika miaka yangu yote, breki mbovu nilizofungua zilikuwa na historia: kuna mtu alizichagua, kuna mtu alizifunga, kuna mtu aliambiwa akasema zisukume hadi mwisho wa mwezi.

Wewe mwenye gari dogo, ukienda dukani usiulize tena kama zinadumu. Sema aina ya gari lako, uliza pedi zinazolingana na zilizokuja nalo, geuza usome herufi, nunua za pande zote mbili, na fundi akiondoa za zamani mwambie apime diski ukiwa umesimama hapo. Wewe mwenye malori, funga lainingi za aina moja kwenye kichwa na kwenye tela, na utingo akikuambia dramu za tela hazipati moto, usifurahi. Mwite fundi kabla lori halijafika Kitonga.