Fuata Ndoto Yako: Mpaka Wapi?



Katika mashairi ya siku hizi kuna neno moja lililonichosha: ndoto. Timiza ndoto zako. Usikubali ndoto yako ife. Fuata ndoto yako. Usemi huu ulianzia kwenye hotuba za mahafali, ukahamia kwenye fulana na majalada ya madaftari, na sasa umekaa kitako ndani ya vina na mizani. Ninaandika kuupinga, na naomba nisijibiwe kwamba ni uzee tu unaonisumbua.

Miaka kadhaa kabla ya kustaafu, nikifundisha katika chuo cha ualimu, alinijia mwanachuo mmoja, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Alitaka kuacha masomo.

"Mwalimu, shangazi ananikaba usiku," alisema. "Ananikalia kifuani. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki."

"Shangazi yako anaishi wapi?"

"Kijijini, Mwalimu. Ni safari ya siku nzima kwa basi."

Shangazi huyo ndiye aliyekuwa akimlipia ada. Binti alikuwa amekwisha kata mawasiliano naye, na nyumbani ndugu walikuwa wameanza kumtazama yule mama kwa jicho la shaka. Daftari alilolishika mkononi lilikuwa limeandikwa kwa wino wa rangi: Fuata ndoto yako. Naye alikuwa ameifuata. Ilikuwa inamtoa chuoni, na inamfanya mwanamke aliyemsomesha aitwe mchawi.

Nilimuuliza kama analijua neno jinamizi. Analijua, alisema: jinamizi la ufisadi, jinamizi la ajali. Kwake lilikuwa neno la magazeti. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jinamizi ni hali ileile iliyokuwa ikimkaba.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Tumeyachukua maneno ya usiku tukayapeleka kufanya kazi mchana, na usiku tumeuacha bila maneno.

Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika pwani ya Bara. Watu walisimulia kushikwa usingizini, kulemewa, kushindwa kujitikisa. Familia nzima ziliacha vyumba vyao zikalala nje kwa makundi, na asubuhi watu walikwenda kazini wakiwa wamekesha. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Hofu ile ilikuwa na sababu nyingi, na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi. Lakini waliochunguza masimulizi yale waliitambua ndani yake hali inayojulikana kwa wataalamu wa usingizi. Mtu anapoota, misuli ya mwili hulegezwa ili asitende anayoyaona. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu. Macho yanaona chumba, mwili hausogei, kifua kizito, na ndoto bado haijaondoka. Hofu humtafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi hupatikana aliye dhaifu.

Sidai kwamba neno peke yake lingemwokoa marehemu yule. Hata ndani ya jinamizi sikio langu linamsikia jini. Ninachodai ni kwamba jambo lililokosa jina haliwezi kuzungumzwa kwa utulivu, na lisilozungumzwa kwa utulivu huishia kwenye fimbo na mawe.

Wazee wetu hawakuuachia usiku ujiendee. Walitofautisha ndoto na njozi, wakaiweka kando ruya, ile ya heri. Mafundisho ya Kiislamu yaliyolelewa na pwani yetu yanazigawa ndoto mafungu matatu: ya kutoka kwa Mungu, ya kutoka kwa Shetani, na ile ambayo ni mazungumzo ya nafsi yenyewe. Aliyeota vibaya aliagizwa ajikinge kwa Mungu, ageuze ubavu, na asimsimulie mtu. Tazameni busara ya agizo hilo la mwisho: ndoto mbaya haikuruhusiwa kufika barazani na kumtaja jirani.

Na mtu aliyeota mchana, akijijengea utajiri kichwani, naye alikuwa na jina lake: huyo anaota ndoto za Alinacha. Katika Alfu Lela Ulela, Alinacha alikaa na kapu lake la vyombo vya kioo akiwaza faida, akijiona amekwisha oa binti wa waziri. Akampiga teke mke wa mawazoni, na mguu ukalipata kapu. Ndiyo maana ya ndoto za mchana katika Kiswahili: vioo vilivyovunjika. Leo tunawaambia watoto wazifuate!

Najua nitajibiwa kwamba lugha hukua na neno huongeza maana. Kweli. Nitaambiwa pia kwamba C. G. Mung'ong'o aliiita riwaya yake Njozi Iliyopotea. Ni kweli, lakini alijua anachokisema: njozi hupotea, na jina lile linauma kwa sababu hiyo. Sisi tumelichukua neno tukaliondolea kuamka.

Kwa yale mnayoyataka maishani Kiswahili kina azma, nia, shabaha, tarajio, hamu. Mtu akisema ana azma, tutamuuliza amefanya nini. Akisema ana ndoto, tunampigia makofi.

Mwanachuo yule alibaki. Ada ya muhula uliofuata ililipwa, na aliyelipa ni shangazi. Kama mioyo yao ilipatana, hakuniambia.

Basi malenga, ombi langu ni hili. Anayetaka kuwahimiza vijana aandike azma. Anayetaka kuandika ndoto na aandike ndoto: aliyeahirisha safari kwa alichokiona usiku, aliyeamka analia kwa kumwona marehemu mama yake, aliyemnunia jirani tangu alfajiri na jirani hajui kosa lake. Watu hao wanaishi mitaani kwetu, na bado wanangoja beti zao.