Mbwa wako aking'ata mtoto wa mwenzako, deni ni lako

Hapa Goma mbwa wengi wana kazi moja: kulinda parseli usiku. Wala si jambo la kushangaza. Wezi wanaruka ukuta, watu wenye silaha wanagonga mlango saa za giza, na ukipiga simu kuomba msaada unaweza kungoja mpaka kuche. Kwa mtu asiye na mlinzi wala bati imara, mbwa anayebweka ndiye kengele yake. Kwa hiyo ndugu msomaji, nawe unayesikiliza, usidhani nimekuja kukuambia ufukuze mbwa wako. Nasema juu ya asubuhi.

Mwenye mbwa anamfungua saa mbili ya usiku. Vizuri. Lakini asubuhi ya mji huu inaanza mapema kuliko mwenye mbwa anavyoamka. Saa kumi na moja, giza likingali, barabara za Ndosho, Majengo na Katoyi zimeshajaa watoto na akina mama wenye bidoni za njano, wakienda kutafuta maji kwenye robine au ziwani. Wengine wanakwenda sala ya asubuhi. Wengine wanawahi mboga kwenye soko la Virunga, na vijana wa chukudu wanashuka na mizigo. Ndiyo saa ileile mtu wa kwanza wa parseli anatoka na kuacha mlango wazi nyuma yake. Mbwa aliyekesha akifukuza vivuli anatoka naye. Kwake ukuta wa mawe ya volkano si mpaka wa kitu chochote. Avenyu nzima ni yake, na mtoto anayekimbia na bidoni ni mwizi kama wezi wengine.

Ndugu zetu walio Marekani na Ulaya wanatusimulia juu ya viwanja vya mbwa, mahali mbwa anapofunguliwa kamba akimbie anavyotaka. Kimoja cha vya kwanza kilifunguliwa Berkeley, kule California, mwaka 1979. Wengi wetu tukisikia tunacheka: watu hawana pa kulala, mbwa wana kiwanja! Lakini tazama namna vinavyotumika. Mbwa yuko huru ndani ya ua, mwenyewe amesimama humo humo akimwangalia, mbwa anatakiwa awe amechanjwa, na mavi yake yanaokotwa na yule aliyemleta. Na hata huko watu wanagombana, kwa sababu daima kuna mmoja anayetazama simu huku mbwa wake anarukia wengine. Sisi tumegeuza: watu ndio tuko ndani ya ua, mbwa wako huru barabarani, na mwenyewe amelala.

Anayelipa usingizi huo mara nyingi ni yule asiye na ukuta. Tunajua ni familia gani. Ni wale waliotoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, ambao baada ya kambi za kando ya mji kubomolewa mwanzoni mwa 2025 hawakupata wote njia ya kurudi makwao, wakabaki wamejibanza katika familia zinazowapokea, kwenye vyumba vya nyuma vya parseli za watu. Watoto wao ndio wanaotumwa maji kwanza. Hawajui ni mlango gani wenye mbwa mkali na ni upi wenye mbwa wa kelele tu. Mtoto wa avenyu anajua; anapita upande wa pili tangu mbali. Mgeni anajifunza kwa jeraha.

Na akishajeruhiwa, mara nyingi kinafuata kitu kibaya kuliko jeraha: kimya. Mama mmoja, sitataja jina wala mtaa, alinionyesha mguu wa binti yake wenye alama nne za meno. Mbwa ni wa parseli ileile wanamolala. Nilimuuliza kama alimwambia mwenye nyumba. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. «Nikisema, tutalala wapi?» Alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akamkataza binti asilie mbele ya watu. Mwenye nyumba huyo si mtu mbaya, aliwapokea bure. Lakini wema wa kumpa mtu chumba haufuti jeraha la mtoto wake, na mtu aliyepokelewa hajauza haki yake mlangoni.

Haki hiyo imeandikwa. Sheria yetu ya mapatano na madeni, ile ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo mawakili wanaita Kitabu cha Tatu cha Kode Sivile, inasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama, au yule anayemtumia, anawajibika kwa madhara ambayo mnyama huyo ameleta, awe alikuwa chini ya ulinzi wake au alikuwa amepotea au ametoroka. Soma tena hilo la mwisho. Neno tunalosikia kila siku, «mbwa alitoroka, si mimi niliyemtuma», halimtoi mtu kwenye deni, na halijamtoa kwa zaidi ya miaka mia moja. Sheria haiulizi pia kama aliyeng'atwa ni mpangaji, mpita njia au mkimbizi wa ndani.

Deni lenyewe si dogo. Meno ya mbwa si kidonda cha kawaida kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi hapa wanauita raje. Dalili zikishaonekana kwa mtu, mtu huyo karibu kila mara anakufa. Hakuna hospitali, hapa au Ulaya, yenye dawa ya kumrudisha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria vifo 59.000 kwa mwaka ulimwenguni, karibu vyote Afrika na Asia, na karibu vyote kwa kung'atwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na mbwa anayeshukiwa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kinachowadanganya wazazi ni kwamba kidonda kinapona, ngozi inafunga, mtoto anacheza, na ugonjwa unajitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, pengine zaidi.

Kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto mmoja huko Ufaransa mwaka 1885, lakini lazima ifike kabla ya dalili. Kwanza ni sabuni na maji, papo hapo, dakika 15 nzima, maji yakimiminika juu ya kidonda. Najua ninaongea na watu wanaonunua maji. Bidoni moja ya lita 20 ikimiminwa polepole inaweza kutosha, na siku hiyo majirani wachangie maji kama wanavyochangia msiba. Usipake pilipili, petroli wala majivu, na lile jiwe jeusi ambalo wengine wanalibandika halitoi virusi mwilini. Kisha kituo cha afya, siku ileile. Sindano si moja: ya kwanza siku hiyo, nyingine siku ya 3, nyingine siku ya 7, na zinazofuata kadiri muganga atakavyopanga. Familia ikihama katikati, ihame na karatasi ya sindano na kuionyesha kwenye kituo cha huko inakofika.

Chanjo hiyo haipatikani katika kila kituo, na inapopatikana inaweza kuwa na bei inayomshinda mama anayefua nguo za watu ili apate unga. Hapo ndipo kifungu cha 261 kinapaswa kuwa franka mkononi. Mwenye mbwa alipe usafiri, sindano na dawa, zote mpaka ya mwisho. Asilete kuku na pole, akidhani yamekwisha.

Mbwa naye asiuawe siku hiyo kwa hasira. Hapa mbwa aking'ata, vijana wanaokota mawe, na jioni watu wanajisikia salama. Wamepoteza ushahidi. Mbwa akifungwa mahali pazuri, akilishwa na kuangaliwa siku 10, akabaki mzima, tunajua kwamba alipong'ata hakuwa akiambukiza kichaa. Mtoto lakini asingojee siku hizo 10 ili aanze sindano. Na zile kampeni za kutega sumu zinazodaiwa kila mara mtu anapong'atwa, mimi nazikataa. Ukiua mbwa wa avenyu leo, wengine wanahamia penye takataka zilezile, hawana chanjo. Panapochanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hiyo ni kazi ya ofisi ya ufugaji ya mkoa pamoja na zoni za afya, na tunaingojea kwa wingi kuliko tunavyoiona.

Lakini kufunga mlango hakungoji ofisi. Mbwa aliyefunguliwa usiku afungwe kabla ya saa kumi na nusu, kabla mtu yeyote wa parseli hajatoka. Afungwe kwa mnyororo wa kutosha, penye kivuli na maji, kwa maana mbwa anayefungwa kwa kamba fupi juani siku nzima anazidi ukali. Mwenye mbwa watatu asiyeweza kulisha mmoja, huyo anafuga hatari ya wengine; mbwa mwenye njaa ataufuata mfuko wa sambaza mkononi mwa mtoto. Na mbwa wale waliowafuata wakimbizi kutoka vijijini ni mbwa wa mtu pia. Mkimbizi mwenye mbwa ana deni lilelile.

Kuhusu mama yule na binti yake, sioni njia akiwa peke yake. Mwenye kuweza kusema ni mkuu wa nyumba kumi. Yeye anajua kila parseli ina mbwa wangapi, na anaweza kumwendea mwenye nyumba bila kusema nani alimtuma: «Baba, mtoto ameng'atwa katika avenyu yangu, mbwa ni wako, kesho saa mbili tunakwenda kituo cha afya pamoja.» Siku ya salongo watu wote wako nje na mwenye mbwa yupo pia. Jumamosi hii kila nyumba kumi iandike mbwa wake: wa nani, amechanjwa lini, analala wapi. Penye nafasi tupu kwenye daftari, tuanzie hapo.