Mkeka Mzuri, Picha Mbaya

Juma lililopita jirani yangu, mama asukaye mikeka ya ukindu, alirudishiwa mkeka uliokwisha kulipiwa nusu ya bei. Mnunuzi wake, aliyeko Morogoro, aliuona katika picha iliyotumwa kwa simu akaupenda kwa rangi yake ya damu ya mzee. Ulipomfikia kwa basi aliukuta wa zambarau. Hapakuwa na hila yoyote. Picha ilipigwa usiku, sebuleni, chini ya globu ya manjano.

Kesho yake saa tatu asubuhi tuliutandika mkeka ule karibu na dirisha lisilopigwa na jua, na taa tukaizima. Jambo hili la kuzima taa wengi hulidharau. Nuru ya globu ile na nuru ya mchana hazina rangi moja. Kamera ikipewa zote mbili kwa pamoja hushindwa kuzipatanisha, na kitu huelekea umanjano upande mmoja na ubuluu upande mwingine. Jua kali la uani nalo halifai, kwani huunguza panapong’aa na kuzamisha kwingine kivulini. Ambaye dirisha lake hupigwa na jua atundike shuka jeupe jepesi.

Nuru ya mbele, pamoja na ile inayomulika kutoka kwenye simu yenyewe, huufanya mkeka uonekane kama karatasi. Ikija kutoka ubavuni, kila mshono unaounganisha ukili hutoa kivuli chake kidogo, na hapo mnunuzi huiona kazi ya mikono anayoilipia. Upande uliobaki na giza tuliegemeza kipande cha boksi tulichokibandika karatasi nyeupe, kikairudisha nuru mkekani. Gharama yake ilikuwa gundi tu.

Lenzi ya simu yafaa ifutwe kwa kitambaa laini kila mara, hasa na sisi tunaoishika simu huku tukipika. Tena msiisogeze mno: kikapu kikipigwa kwa karibu sana, mdomo wake huvimba na kitako hunywea. Afadhali kurudi nyuma hatua mbili, kisha picha ipunguzwe kingo. Na anayetumia shuka jeupe kama mandhari asishangae likitoka la kijivu. Kamera hudhani nuru imezidi, ikaipunguza. Hana budi kuiongeza kwa mkono kabla ya kupiga.

Kwa vikapu vyake, mama aliweka kikombe cha chai kando ya kimoja ili ukubwa ujulikane bila maelezo.

Mnunuzi alitumiwa picha mpya ya mkeka. Alijibu kwamba zambarau haitaki kabisa, lakini akauliza iwapo upo wa damu ya mzee. Haukuwapo. Ukindu umekwisha kutiwa rangi, na usukaji ulianza Jumatano.