Majibu ya Maabara Yasiishie kwenye "Kundi D"

Kuna mstari mmoja ninaoomba ufutwe kwenye fomu za majibu za maabara zetu: "Streptococcus, kundi D". Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya bakteria hapa Mombasa, na mstari huo nimeuona ukibandikwa kwenye faili la mgonjwa aliyelazwa kwa homa isiyokatika na moyo unaovuma. Daktari anaandika dawa, homa inashuka, mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza bakteria hao waliingiaje kwenye damu. Wakati mwingine jibu la swali hilo limo ndani ya utumbo mpana, nalo ni saratani.

Herufi D ilitoka kwa Rebecca Lancefield wa New York, ambaye mwaka 1933 aliwapanga streptokoki kwa herufi kulingana na walivyoitikia seramu ya sungura. Kazi yake iliokoa watu wengi na bado tunaitumia kila siku. Lakini kundi D lilikusanya pamoja bakteria wa tumboni wa namna mbili. Wa kwanza walitolewa mwaka 1984 wakapewa jenasi yao wenyewe, Enterococcus. Wa pili ni wale ambao Orla-Jensen wa Denmark aliwaita Streptococcus bovis mwaka 1919, kwa sababu ya ng'ombe.

Mezani, wote wawili huigeuza nyeusi sahani ya nyongo na eskulini, na hapo ndipo mtu aliyechoka huandika "kundi D" akafunga kazi. Asifunge. Aweke kimelea kwenye mchuzi wenye chumvi asilimia 6.5: enterokoki ataota, bovis hataota. Kipimo cha PYR nacho humgeuza enterokoki kuwa mwekundu kwa dakika chache, bovis habadiliki. Si vipimo vya gharama kubwa, na tofauti yake inafika hadi kwenye sindano, maana bovis kwa kawaida hufa kwa penisilini au seftriaksoni, ilhali seftriaksoni peke yake haimuui enterokoki.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Hata tukishamtenga enterokoki, "bovis" bado si jibu. Mwaka 1995 Osawa na wenzake walitangaza spishi ya Streptococcus gallolyticus, bakteria anayeweza kuvunjavunja tanini, waliyempata kwa wanyama kama koala wa Australia, anayeshinda akila majani ya mkalitusi. Kufikia mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walikuwa wameupanga upya ukoo mzima. Gallolyticus akawa na nususpishi tatu: gallolyticus mwenyewe, pasteurianus na macedonicus, huyu wa mwisho akiwa ametoka kwenye jibini la Ugiriki. Kando yao wakasimama infantarius na lutetiensis. Najua majina haya yanachosha. Wapo madaktari wanaoniambia kwamba kubadilisha majina ni burudani ya maprofesa. Siwakubalii, na sababu yangu ni wagonjwa.

Mwaka 1951 huko Alabama, McCoy na Mason walieleza habari za mgonjwa aliyekuwa na maambukizi ya valvu za moyo pamoja na saratani ya utumbo mpana. Mwaka 1977 Klein na wenzake Marekani wakapima vinyesi: kati ya wagonjwa 63 wa saratani ya utumbo mpana, 35 walikuwa na bovis, kati ya watu 105 wa kulinganisha nao, 11 tu. Majina yalipotenganishwa, uhusiano huo ukaonekana kumwelemea mmoja zaidi ya ndugu zake, yaani gallolyticus nususpishi gallolyticus. Ndiye pia anayependa sana kukaa kwenye valvu za moyo. Infantarius na lutetiensis wakionekana kwenye damu, macho yaelekee zaidi kwenye mirija ya nyongo na kongosho. Pasteurianus huwapata watoto wachanga kwa sumu ya damu na homa ya uti wa mgongo. Daktari aliyeandikiwa "kundi D" atajuaje aangalie wapi?

Je, bakteria ndiye anayeleta saratani, au saratani ndiyo inayomkaribisha? Ushahidi upo kwa pande zote mbili. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba gallolyticus huchochea seli za uvimbe kuongezeka. Mwaka mmoja baadaye watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walionyesha kwamba mazingira ya utumbo wenye uvimbe, pamoja na asidi za nyongo, humwezesha kuwaua bakteria washindani wake na kutwaa nafasi yao. Mimi kwenye meza yangu sihitaji kusubiri mjadala huo uishe. Kengele ya moto huitikiwa kabla hatujajua nani kawasha kiberiti.

Kwetu kuna mtego wa pekee. Homa ya baridi yabisi imewaachia watu wetu wengi valvu zilizoharibika tangu utotoni. Daktari akiona valvu mbovu na bakteria kwenye damu, maelezo yanaonekana kukamilika, na ni rahisi kuridhika. Lakini valvu mbovu inaeleza bakteria walikaa wapi. Walikopenyea ni swali jingine, na kwa gallolyticus mara nyingi jibu ni utumbo.

Naambiwa kolonoskopia, yaani kuuchungulia utumbo mpana kwa kamera, ni ghali, mashine ni chache na mgonjwa hutakiwa kusafiri. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nasisitiza jina kamili. Kama nafasi ni chache, nani anastahili kutangulizwa kuliko mtu ambaye damu yake imeshaota gallolyticus? Katika uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2011, kwa wagonjwa wa bovis waliochunguzwa utumbo, wastani wa asilimia 60 walikutwa na vinyama au saratani. Vinyama hivyo vikiondolewa mapema havipati muda wa kugeuka saratani.

Maabara isiyo na mashine ya kutambua bakteria kwa protini zake isikate tamaa. Gallolyticus nususpishi gallolyticus huchachusha manitoli. Pasteurianus na infantarius kwa kawaida hawachachushi. Mrija mmoja wa manitoli unatosha kuamsha shaka, kisha kimelea kipelekwe maabara kubwa kuthibitishwa.

Jina kamili linalinda pia chakula cha watu. Suusa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka yanayonyweka Isiolo, Garissa na hata Eastleigh, imejaa infantarius. Watafiti wa Zurich wakishirikiana na wa Kenya walimchunguza mmoja wao, waliyempa alama CJ18, na kusoma jenomu yake mwaka 2012. Wakakuta amezoea maziwa, ana jeni za kutumia sukari ya maziwa zinazofanana na za bakteria wa mtindi. Mtu akisikia kwamba "bovis analeta saratani" kisha akaambiwa suusa ina bovis, ataitupa na kumharibia mfugaji biashara. (Maziwa mabichi yana hatari ya brusela, hilo nalo tulishughulikie, lakini kwa jina lake.)

Kwa hiyo wenzangu wa maabara, fomu iandikwe hivi: Streptococcus gallolyticus nususpishi gallolyticus, moyo upimwe kwa eko, utumbo mpana kwa kolonoskopia. Nawe msomaji, kama wewe au mzee wako alitibiwa maambukizi ya moyo, omba nakala ya majibu ya kuotesha damu. Ukikuta "kundi D" au "bovis" peke yake, rudi nayo kwa daktari umuulize ni yupi, hata kama homa ilikwisha mwaka jana.