Friji la Maabara Goma na Vijana Wetu wa Gisenyi



Mwishoni mwa Januari 2025 sisi wa Gisenyi tulikuwa tunasikiliza mizinga. Vita vilikuwa vimeingia Goma, na makombora mengine yakavuka mpaka yakaua watu huku kwetu. Kila mzazi alikuwa anahesabu watoto wake. Siku hizo hizo, tarehe 28, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa onyo ambalo wengi wetu hatukulisikia kwa ajili ya kishindo: maabara ya INRB iliyoko Goma ina sampuli za magonjwa, Ebola ikiwemo, na mapigano yakiifikia, vimelea hivyo vinaweza kusambaa.

Hebu tafakari, ndugu yangu. Kutoka Goma mpaka soko letu ni mwendo wa miguu tu.

Alhamdulillahi, katika wiki zile hofu hiyo haikutimia. Lakini swali limenibakia. Ni nani anayejua friji lipi lina nini, kichupa kipi kiteketezwe kwanza, na umeme ukikatika zimebaki saa ngapi? Askari hajui, wala mwanasiasa. Anayejua ni fundi wa maabara na daftari lake.

Katika nyumba zetu ukitaja sayansi, mzazi anafikiria udaktari tu, na akiona ada anasema bora mtoto aingie dukani au ajifunze udereva. Nafahamu jambo hili limetoka wapi. Zama za Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazee wetu waliochelea watoto wao wabatizwe wakashika biashara na usukani. Kazi hizo zimetulisha, sikatai. Ila zama hizo zimepita zamani, na kisingizio chake bado tunakitumia.

Mwaka 2001 barua zenye unga wa kimeta ziliua watu 5 huko Marekani. Oktoba mwaka huo huo ilitangazwa Nairobi kwamba barua ya namna hiyo imefika Kenya, watu wakashikwa na taharuki, mpaka vipimo vya baadaye vilipoonyesha kuwa hakukuwa na kimeta. Na kimeta hakingoji gaidi. Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwa ugonjwa huo katika hifadhi ya Virunga, hapo ng'ambo. Aliyesomea kukitambua kimeta cha kiboko ndiye atakayekitambua cha kwenye bahasha. Elimu ni ile ile. Kadhalika mkemia anayepima maji ya Kivu kila siku ndiye atakayegundua mtu akiyatia sumu.

Halafu kuna Beni na Butembo. Ebola iliyoanza kule 2018 mpaka 2020 iliua watu 2,287. Ilikuwa vigumu kuizima kwa sababu wahudumu walikuwa wakishambuliwa. Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa akiwa hospitalini Butembo. Nao ADF, kundi linalojipachika jina la Uislamu, walikuwa wakichinja raia pande za Beni, kazi ya chanjo inasimama, ugonjwa unapata mwanya. Julai 2019 ukafika Goma. Sisi huku tulinawa mikono mpakani na kupimwa joto, na Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja.

Niseme wazi. Wakitajwa magaidi, macho ya watu hugeukia msikitini, nasi hujibu kwa mihadhara. Mihadhara ni mizuri. Lakini binti mwenye hijabu anayepima sampuli kwenye maabara karibu na mpaka, akamkinga Mkristo na Muislamu sawasawa, huyo hahitaji kipaza sauti.

Siwafichi hatari. Marburg ilipoingia nchini kwetu Septemba 2024 iliwapata watu 66, wengi wao wahudumu wa afya, na 15 walifariki. Mtoto akisema anaogopa, msikilizeni. Anayependa fizikia, kemia na baiolojia, msimvunje moyo kwa kuwa binamu yake anapata faida ya haraka mpakani. INES-Ruhengeri pale Musanze wanafundisha sayansi ya maabara, na Chuo Kikuu cha Rwanda pia. Si mbali kama mnavyodhani.

Misikiti yetu huchangia mazishi kwa siku moja, na harusi kwa wiki. Napendekeza tuchangie ada ya mwanafunzi mmoja wa maabara, mmoja tu, mpaka amalize. Kama zaka inaruhusiwa kuingia humo, masheikh watufafanulie. Kama hairuhusiwi, kuna sadaka, na mimi nimeshatenga yangu.

Wabillahi tawfiq.