Kadi mbili mfukoni

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mizigo miwili. Neno lenyewe ni chama. Mchuma chai akikuambia kwamba yeye ni mwanachama, huna budi kumwuliza ni wa chama kipi. Kuna chama cha wafanyakazi, kinachomtetea mizani inapompunja kilo zake. Kuna pia chama cha siasa, kinachomjia mlangoni na fulana na kofia kila uchaguzi unapokaribia. Kadi zote mbili hukaa katika mfuko mmoja. Je, kadi hizo huzungumza?

Hebu twende hadi wadi ya Boito, huko Konoin, Kaunti ya Bomet. Hapa ni nchi ya majani chai. Wenyeji wengi ni Wakipsigis wenye vishamba vyao, nao hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia. Katika nchi hiyo hiyo ya chai, Bomet na Kericho, yapo mashamba makubwa ya kampuni, na humo wachumaji wengi ni wana wa Kisii, Nyanza na Magharibi waliofuata kazi. Jambo moja huwakabili wote. Chama cha siasa kinachopendwa katika eneo kikishampa mtu tiketi, mara nyingi uchaguzi huwa umekwisha kabla ya siku yake. Kwa hiyo, aliyelala siku ya mchujo huamka na kukuta uamuzi umeshafanywa.

Wafanyakazi kumpigania mgombea wao si jambo geni nchini. Mwaka 1957, Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alishinda kiti cha Waafrika wa Nairobi. Wakati huo si kila Mwafrika aliyeruhusiwa kupiga kura. Kulikuwa na masharti ya elimu, mali na mengineyo. Hata hivyo, kijana huyo wa miaka 26 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na jina lake lilikuwa limejengwa katika kazi ya kuwatetea wafanyakazi.

Sasa mtazame Wilson Sossion, mwana wa Bomet. Alikuwa katibu mkuu wa KNUT, chama cha walimu, na nchi nzima ilimjua wakati wa mgomo mkubwa wa mwaka 2015. Mwaka 2017 chama cha ODM kilimteua kuwa mbunge, kwa kuwa Katiba yetu imetenga viti 12 vya uteuzi kwa ajili ya makundi maalumu, wakiwemo vijana, walemavu na wafanyakazi. Mwaka 2021 alijiuzulu uongozi wa KNUT. Baadaye alihamia UDA, na mwezi Aprili 2022 akawania tiketi ya useneta wa Bomet. Alishindwa. Tiketi ilimwendea wakili Hillary Sigei, naye mwezi Agosti mwaka huo akachaguliwa seneta.

Simlaumu Sossion, wala simsifu aliyemshinda. Ninachotaka tuone ni kwamba jina kubwa la chama cha wafanyakazi halijigeuzi lenyewe kuwa kura za nyumbani. Walimu wametawanyika kutoka Vanga hadi Lodwar, lakini mchujo wa Bomet huamuliwa na watu wa Bomet. Tena mwalimu aliyeajiriwa na serikali ni mtumishi wa umma, na Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011 inamkataza kujitokeza hadharani kumuunga mkono mgombea. Anabaki na kura yake ya siri tu.

Mchuma chai wa kampuni hafungwi na katazo hilo. Akitoka kazini anaweza kuvaa fulana ya mgombea wake na kupita nyumba kwa nyumba. Chama chake, kile cha wafanyakazi wa mashamba kilichoundwa mwaka 1963, kimemfundisha kuhesabu watu, kusimama na wenzake na kudai haki bila kupiga mtu. Je, kuna shule bora ya kampeni kuliko hiyo?

Lakini anakabiliwa na vikwazo viwili ambavyo sisi wa mjini hatuvioni. Cha kwanza ni jirani. Mwenye kishamba Boito naye huajiri mchumaji. Mgombea akisema, “Nitapigania malipo bora kwa kila kilo,” mchumaji atashangilia, lakini mwenye shamba atauliza pesa zitatoka wapi, hali bei ya majani haiko mkononi mwake. Mgombea wa wafanyakazi asiye na jibu kwa mkulima mdogo ataishia kupigiwa makofi upande mmoja tu wa barabara.

Cha pili ni hofu. Mchumaji aliyetoka mbali hawezi kusahau mapigano ya kikabila ya mwaka 1992 wala machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu walifukuzwa makwao kwa sababu ya kabila na kura. Wazee nao wanakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, mtu aliposimama nyuma ya picha ya mgombea huku mkubwa wake akimtazama. Siku hizi kuna sanduku la siri, lakini hofu haiondoki kwa kuletewa sanduku. Huondoka pale mwenyeji anapomwambia mgeni, “Ndugu yangu, twende pamoja tukapige kura.” Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko mikutano kumi ya hadhara.

Basi wanachama wafanye nini? Kwanza, wamdai mgombea jambo lililo ndani ya uwezo wake. Mshahara wa mashamba makubwa hujadiliwa mezani kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Diwani wa wadi hawezi kuupandisha hata kwa senti moja. Lakini kaunti ndiyo inayosimamia shule za chekechea, zahanati na barabara za vijijini. Mama anayeingia shambani alfajiri anahitaji mahali pa kumwacha mtoto, na mkulima anahitaji barabara ili lori la majani lisikwame matopeni. Hapo mchumaji na mwenye shamba wanakuwa kitu kimoja. Kwa upande mwingine, mashine za kuchumia chai, ambazo baadhi yake ziliteketezwa na watu wenye hasira huko Kericho mwezi Mei 2023, zinahitaji majadiliano na pengine sheria. Hilo waulizwe wabunge. Anayeahidi kila kitu katika kila kiti anakudanganya.

Pili, wahakikishe kila mwenzao ameandikishwa mahali anapolala, wala si kule alikozaliwa kilomita 200 mbali. Kura iliyoandikishwa kijijini haiwezi kukusaidia Boito.

Nawe msomaji wa jijini, usidhani hadithi hii ni ya watu wa vilimani peke yao. Baba, ulipiga kura katika mchujo uliopita mtaani mwako, au ulingoja matokeo redioni? Mwanafunzi wa chuo, unapolalamika kwamba viongozi hawajali vijana, umejiandikisha wapi kupiga kura? Chai unayokunywa asubuhi hii huenda imechumwa na mama ambaye siku ya mchujo hukatiza kazi inayolipwa kwa kilo ili akapange foleni. Wewe ulikosa nini ukashindwa kwenda?

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.